Namna ya kulimudu neno “run” bila kukariri kamusi nzima

Mtoto anayemaliza darasa la saba Nanyamba au Mtama anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Neno “run” analijua tangu zamani: kukimbia. Halafu kitabu cha jiografia kinamwambia mto “runs” kuelekea baharini, cha biashara kinamwambia mtu “runs” duka, na cha biolojia kinataja ugonjwa ambao “runs” katika ukoo. Anatafuta miguu, haioni.

Mwongozo huu ni wa mtoto huyo, na pia wa karani wa bandarini Mtwara, wa anayetembeza wageni Mikindani na Kilwa, na wa mwenye nyumba ya kulala wageni anayejibu barua pepe za watu wasiojua Kiswahili. Hao ndio ninaowaona wakihangaika na neno hili, na wengi wanahangaika kwa sababu walipewa orodha ya kukariri. Orodha haisaidii. Katika kamusi kubwa ya Oxford ya mwaka 1989 neno “set” ndilo lililoongoza, likiwa na maana 430. Wahariri walipolipitia upya “run”, kitenzi peke yake kikatoka na maana 645. Nani atakariri hizo? Hata Mwingereza hazijui. Nyingi ni za mafundi wa kazi fulani, nyingine hazitumiki tena.

Wala msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, picha, deki, mswaki, hodi, kura, magoti, chafya na mbizi, na hakuna anayeumia. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha orodha ya “piga”. Ulikuwa unaangalia kinachofuata, basi. Na “run” linataka jicho hilo hilo, ila lielekezwe sehemu tatu: nani anatenda, kuna kitu gani anachokitenda, na kuna kijineno gani nyuma.

Kabla ya yote, sarufi kwa haraka: leo “run”, jana “ran”, na baada ya “have” au “has” linarudi kuwa “run”. Sema “has run”. Ile “has ran” unayoisikia mitaani iache huko huko.

Hatua ya kwanza: mtazame mtendaji

Usianze na kitenzi. Anza na kilicho mbele yake, ujiulize kama kina miguu.

Kikiwa mtu au mnyama na sentensi inaishia hapo, ni kukimbia kweli. Kikiwa kitu cha majimaji, ni kutiririka: machozi, maji ya bomba, jasho, kamasi. Rangi nayo wanaihesabu humo. Ukifua kanga mpya pamoja na shuka jeupe, shuka likatoka na madoa mekundu, Mwingereza atasema “the colours ran”. Sisi tunasema rangi imetoka, au kanga imechuja.

Kikiwa barabara, mto, mpaka, ukuta au bomba, maana yake ni kwamba kitu hicho kimelala kutoka hapa hadi pale. Hakuna kinachosogea. “The gas pipeline runs from Madimba to Dar es Salaam” inaeleza tu kwamba bomba la gesi linaanzia Madimba na kuishia Dar es Salaam. Kwa wanaotembeza wageni Kilwa sentensi ya aina hii ni mkate wa kila siku: “The caravan route ran from Lake Nyasa to Kilwa Kivinje.” Njia ya misafara ilitoka Ziwa Nyasa ikafika Kilwa Kivinje. Ukiwa nayo hiyo moja kichwani, unaweza kueleza reli, ukuta wa ngome na mpaka wa Ruvuma bila kutafuta kitenzi kingine.

Kikiwa mashine, ni kufanya kazi. “The engine is running” ni kwamba gari halijazimwa, hata kama limesimama stendi ya Mkanaledi tangu asubuhi. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: gari lililosimama linaweza kuwa “running”, na gari linalobingirika mteremkoni likiwa limezimwa injini halimo. Ukiongeza “on” nyuma unataja linachotumia. “The Mtwara power station runs on gas”: mitambo ya umeme ya Mtwara inatumia gesi.

Kikiwa ratiba au chombo cha usafiri, ni kufanya safari: “Buses run every day.” Kikiwa mkataba, kikao au leseni, ni muda wake wa kudumu: “The licence runs for one year.” Hizo mbili hazina maneno mengi.

Hatua ya pili: kuna kitu anachokitenda?

Ukikuta nomino imekaa mara tu baada ya “run”, bila kijineno katikati, jaribu kuweka “endesha”. Mara nyingi itakaa sawasawa. “She runs a shop in Chikongola”: anaendesha duka Chikongola. “They run a cooperative”, “he runs the office”, “run a programme”, vyote ni kuendesha. Hata programu ya kompyuta unai-“run”.

Na sijui kama umewahi kuliwazia hili: Kiswahili chetu nacho kimelibebesha “kuendesha” mzigo huo huo. Mtu anaendesha gari, anaendesha kikao, na akila samaki aliyelala bila barafu usiku mzima, anaendesha pia. Ndiyo maana Waingereza, wakiongea kienyeji, wanasema “he has the runs”. Lugha mbili zisizo na undugu zimefika choo kimoja.

Huku kwetu Afrika Mashariki tunasema “running stomach”. Daktari wa Kitanzania atakuelewa bila kupepesa macho. Daktari aliyetoka Uingereza atakukazia macho kwanza. Kwa huyo sema “diarrhoea”, ndilo la kitabibu. Mafua vilevile: wengi wetu husema “running nose”, wao huzoea zaidi “runny nose”. Zote zinaeleweka, sioni sababu ya kugombana.

“Endesha” haikai kila mahali. “Run a temperature” ni kuwa na homa, mwili umepanda joto. “Run a risk” ni kujiweka hatarini. “Run errands” ni kutumwa huku na huku, dukani, posta, sokoni. “Run a bath” ni kufungulia maji yajae kwenye beseni kubwa la kuogea, jambo ambalo wengi wetu wenye ndoo na kata hatulihitaji ila litakufika ukifanya kazi hotelini. Mgeni akisema “please run me a bath”, usitoke mbio.

Hatua ya tatu: kijineno cha nyuma, na hapa ukae

Ukitaka kutumia nguvu zako mahali pamoja tu, zitumie hapa. Maneno madogo kama “out”, “into”, “over”, “up” na “down” ndiyo yanayobadilisha kila kitu, na ndiyo yanayowaumbua watu kwenye barua za kazi.

Tuanze na “run out”. Chukua karani wa chama cha msingi wilayani Tandahimba, msimu wa kupulizia mikorosho umefika, wakulima wamejaa uani, na salfa hakuna. Anatakiwa kumwandikia muuzaji wa nje kwa Kiingereza. Ana njia mbili, na Kiswahili chake tayari kinazitofautisha.

Akitaka kusema “salfa imeisha”, kitu chenyewe ndicho kinachotangulia, na hakuna “of”: “The sulphur has run out.”

Akitaka kusema “tumeishiwa salfa”, watu ndio wanaotangulia, na “of” ni lazima: “We have run out of sulphur.”

Imeisha, “run out”. Tumeishiwa, “run out of”. Kauli yetu ya kutendewa inafanya kazi ambayo wao wanaifanya kwa “of”. Kabla hujaandika, sema sentensi yako kwa Kiswahili kwa sauti, usikilize kama umesema -isha au -ishiwa. Ukifuata hilo, hutaandika tena “we have run out sulphur”, wala ile nyingine niliyoiona zaidi ya mara moja, “we are finished sulphur”, ambayo mzungu anaisoma kama watu wamekwisha.

Lakini subiri. Je, kweli imeisha? Ikiwa mifuko michache imebaki kwenye kona ya ghala, sema “we are running low on sulphur” au “we are running short of sulphur”. Anayepokea sentensi ya “run out” ataona ghala tupu na atauliza kwa nini hukusema mapema. Anayepokea ya “running low” ataona kwamba kuna siku kadhaa za kupumua. Tofauti hiyo inaweza kuamua mzigo upande lori la leo au la wiki ijayo. Njia hiyo hiyo itumie kwa gesi ya kupikia, vocha, wino wa mashine, maji ya tenki, hata subira: “I am running out of patience”, uvumilivu unaniishia.

Sasa “run into”. Mtu akikutana na mtu bila kutarajia, “I ran into your uncle at the market”: nilikutana na mjomba wako sokoni, tukaamkiana, yakaisha. Chombo kikiwa mbele, maana inageuka: “My car ran into your uncle.” Hapo mjomba yuko wodini. Sentensi mbili zinatofautiana kwa mtendaji tu, ndiyo maana hatua ya kwanza niliiweka ya kwanza. Shida na madeni navyo watu huingia kwa “run into”: “The project ran into problems.”

“Run over” ina hatari ileile. Gari likimkanyaga mtu, “ran over”. Mtu akiipitia orodha harakaharaka kabla ya kikao, “ran over the list”. Kikao kikipitiliza muda, “the meeting ran over”. Kwa kupitia orodha mimi napendelea “run through”, maana haina damu.

“Run up” ni kupandisha, na mara nyingi ni deni: “He ran up a bill at the shop”, kakopa mpaka daftari la muuza duka limejaa jina lake. Likiwa nomino na kistari katikati, “the run-up to the election”, ni kipindi cha kuelekea uchaguzi. “Run down” ni kushuka. Betri imeisha nguvu, nyumba imechakaa, mtu amechoka na mwili umenyong’onyea, vyote ni “run down”. Ukimsema mtu vibaya mbele za watu nako ni “to run him down”, ila neno hilo pia ni kumgonga kwa gari, kwa hiyo soma sentensi iliyotangulia. Ikiunganishwa kuwa “rundown” ni muhtasari: bosi akisema “give me a rundown”, anataka mambo makuu, usimsomee faili zima.

“Run away” na “run off” unazijua. “Run by” yenye kitu katikati, kama “run it by me first”, ni kutaka aonyeshwe kwanza kabla hujaendelea. Nimesikia vijana wa ofisini wakiidhania kuwa ni kupita mbio mlangoni.

Hatua ya nne: “running” liko mbele au nyuma?

“Running water” kwenye tangazo la nyumba ya wageni ni maji ya bomba. “Three days running”, likiwa nyuma ya idadi, ni siku tatu mfululizo. Mvua za masika zikikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, abiria waliokwama wataandika “stuck for three days running”, na hakuna anayekimbia hapo, kwa bahati mbaya.

“Running costs” ni gharama za uendeshaji. “Up and running” ni kimeshaanza kufanya kazi. “Running mate” ni mgombea mwenza. Hilo la mwisho linatupeleka kwenye siasa: Mmarekani anasema mtu “runs for president”, Mwingereza kwa desturi alisema “stands for Parliament”, mmoja mbio, mwingine kusimama. Magazeti yetu ya Kiswahili nayo yana “mbio za urais”, kwa hiyo la Kimarekani halitatusumbua.

Mpira wa miguu una lake. Mtangazaji akisema “a good run” ya Namungo ya Ruangwa, hasifii kasi ya winga. Anazungumzia mfululizo wa mechi zenye matokeo mazuri. “Unbeaten run” ni mfululizo bila kufungwa. Na “runner-up” ni mshindi wa pili, hata kwenye shindano la kupika.

Hatua ya tano: misemo, uanze na ya baharini

Misemo usiijaribu kwa hatua tatu za mwanzo, itakugomea. Kila mmoja una chimbuko lake, na ukilijua hutausahau. Watu wa pwani tuna bahati, kwa sababu sehemu nzuri ya misemo hii ilizaliwa vyomboni.

Kwa mabaharia wa Kiingereza, jahazi lina-“run” likiwa na upepo wa nyuma. Hapo ndipo wanapoelezea “cut and run”: chombo kimetia nanga, adui au dhoruba inakuja, hakuna nafasi ya kung’oa nanga, basi wanaikata kamba na kuliachia tanga upepo. Leo ni kuacha jambo katikati na kutoweka ili kujiokoa. Aliyekopa mtaji na wenzake akazima simu kabla ya hesabu, amefanya hivyo.

“Run aground” inahitaji jicho la mvuvi. Chombo kilikuwa kinakwenda, kikaparamia mwamba au fungu. Hiyo si kupwelewa. Ngalawa iliyopwelewa imekaa mahali pake. Maji ndiyo yamekupwa yakaiacha mchangani, na maji yakijaa itaelea tena bila lawama kwa nahodha. Ukimwambia mgeni kwamba ngalawa “ran aground” wakati ilipwelewa tu ufukweni Msimbati, unamsingizia nahodha uzembe. Sema “it was left dry by the tide”. Kwa mafumbo tunakubaliana kabisa: “the talks ran aground” ni mazungumzo yamegonga mwamba, na gazeti lolote la Kiswahili linaandika hivyo.

“Run a tight ship” ni kuendesha ofisi au nyumba kwa nidhamu kali. Mhasibu asiyetoa hata shilingi bila risiti anaendesha hivyo.

Ya nchi kavu nitaipitia upesi. “Run-of-the-mill” ni kitu cha kawaida kisicho na la ajabu. Asili yake ni bidhaa iliyotoka kiwandani kabla ya kupangwa madaraja, na mkulima wa korosho hahitaji maelezo zaidi ya hapo. “Run the gauntlet” ni kupita katikati ya mashambulizi au maneno makali. Ilikuwa adhabu ya kijeshi: mkosaji anapitishwa kati ya mistari miwili ya askari wanaomchapa, na neno lenyewe limepotoshwa kutoka Kiswidi, kwa hiyo usihangaike na ile glavu unayoiona kwenye kamusi. “Run amok” ni kushikwa na wazimu wa kushambulia ovyo, na “amok” imetoka Kimalei.

“In the long run” ni baadaye kabisa, mambo yakishatulia. “On the run” ni mtoro anayesakwa. “It runs in the family” ni jambo la ukoo, zuri au baya. “Run with the hare and hunt with the hounds” ina neno moja tu la Kiswahili, nalo ni ndumilakuwili. Tumewashinda kwa ufupi. “Still waters run deep” wanaisema kwa mtu mkimya mwenye mengi ndani, karibu na kimya kingi kina mshindo mkuu, ingawa ya kwetu ina kitisho zaidi.

Moja la benki, kwa wanaosoma uchumi: “a run on the bank” ni wateja kufurika kwa pamoja kutoa fedha zao kwa hofu kwamba benki itaanguka. Ilitokea Uingereza Septemba 2007 kwa benki ya Northern Rock, watu wakapanga foleni barabarani.

Hatua ya sita: daftari la kazi yako

Chukua daftari dogo. Usiandike maana, andika sentensi nzima, na iwe ya kazi yako mwenyewe. Mwenye bajaji aandike ya mafuta na injini. Muuguzi aandike ya homa na kuhara. Mwenye mgahawa aandike “we have run out of octopus”, kwa sababu pweza ndiye atakayeulizwa na ndiye atakayeisha. Sentensi tano za kwako zitakaa kichwani kuliko hamsini za London.

Ukikutana na “run” usiyoielewa, nenda kwenye kamusi lakini usianze juu. Kamusi nyingi za wanafunzi huweka vitenzi vyenye vijineno mwishoni mwa ingizo, vikiwa vimepangwa kwa alfabeti, na nusu ya unavyotafuta viko huko. Ukimaliza, funga kamusi na uiseme sentensi kwa Kiswahili. Kama Kiswahili chako hakikai, hujaielewa bado.

Jipime na hizi, uzifunike zilizo chini.

“The bus to Newala is running late.” “Their debt is running into millions.” “She is running for councillor.” “The tap has run dry.” “He ran up the flag and then ran through the names.” “We did a trial run before the auction.”

Majibu kwa mpangilio huo: basi la Newala limechelewa. Deni lao linafika mamilioni. Hapa “run into” ni kufikia kiasi, maana ambayo sikuitaja juu lakini mtendaji angekuonyesha. Anagombea udiwani. Bomba limekauka. Alipandisha bendera kisha akayapitia majina. Tulifanya jaribio kabla ya mnada.